Maganda ya Mjerumani

Hilaria alimpa Modest lile gunia kwa juu ya ua, kwa sababu Modest hakutaka kuingia. Pikapu ilikuwa barabarani inanguruma, na mwenyewe alisimama ametanguliza mikono huku kichwa amekigeuzia pembeni, mtu mzima na kitambi chake, anaogopa hewa ya nyumba ya watu. Alipolipokea gunia alilitikisa, shaba ikalia ndani, akatabasamu. Kisha akatoa noti mfukoni, akaziweka juu ya nguzo ya ua na kuzigandamiza kwa kijiwe.

"Mama Glory, usinifikirie vibaya," alisema. "Mimi mambo haya siyaogopi. Ila nikionekana nimekanyaga kwako, hapa Dongobesh nitafanya biashara na nani?"

"Sikukuomba uingie, Modest. Pakia uende."

"Leo ni mnada Basotu. Nampelekea Gidamis, yule mhunzi wa Kibarbaig. Ana oda ya bangili za watalii, kila nikipita ananiuliza, shaba iko wapi, shaba iko wapi. Hii ikifika tu inaingia kwenye moto."

"Hata ikiingia jehanamu."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote. Mume wake, Onesphory, alikuwa na kazi ya kuchimba maganda ya risasi kule mlimani walikopigana Mjerumani na Mwingereza zamani za mababu. Siku moja jembe lake lilitoa taya la mtu, mifupa ya mkono na kifungo cha koti, naye akavishika vyote kwa mikono yake. Tangu hapo nyumba ilitengwa. Metimani, ndivyo Wairaqw wanavyoiita hali hiyo: aliyegusa kifo cha namna hiyo haingii kwa mtu, wala mtu haingii kwake, mpaka atakaswe. Padre alikuja, akaizika ile mifupa kwa sala na maji ya baraka, na Onesphory akadhani yameisha. Mzee Bura, ambaye ndiye mwenye kauli katika mambo hayo pale kijijini, alimjibu akiwa amesimama ng'ambo ya shamba: "Padre amemwombea marehemu, vizuri sana. Nyie je?"

Basi Hilaria akawa anachota maji bondeni kabisa, chini ya pale wanapokunywa ng'ombe. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na benchi lote lilikuwa lake peke yake. Kutakaswa kulihitaji kondoo kutoka nyumba nyingine, na hakuna nyumba iliyokubali kumuuzia kondoo mtu aliye katika metimani. Ilikuwa kama kuambiwa ukaoge, halafu unanyimwa maji.

Asubuhi hiyo uvumilivu ulikuwa umemwishia. Mume wake alipotoka na ng'ombe, alikusanya maganda yote yaliyokuwa pembeni mwa jiko, akayajaza kwenye gunia. Kwa kuwa alishaanza kufagia, akafagia mpaka chini ya kitanda. Huko akakuta kopo la maziwa ya unga lililofunikwa kwa kitambaa, na ndani yake risasi nyingine ndefu, zilizo na vichwa. Akazimwaga humo humo pamoja na yale maganda.

Pikapu iliondoka na vumbi lake. Hilaria alichukua noti zake pale juu ya nguzo, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajikuta anaimba.

---

Onesphory alirudi na ng'ombe wake mapema, saa nne haijafika, kwa sababu sehemu aliyoruhusiwa kuchungia ilikuwa na mawe mengi kuliko majani. Alikuta nyumba imefagiwa. Aliona kopo liko mlangoni, limeoshwa, limegeuzwa juani likauke.

"Mama Glory, vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Viko njiani kwenda Basotu. Na vile vya jikoni pia. Modest amechukua vyote, na hela iko mezani."

"Na vile vyenye vichwa?"

"Nimesema vyote."

Onesphory alishika mlango. Uso wake ulibadilika mpaka Hilaria akaacha kupepeta.

"Zile zilikuwa nzima," alisema.

"Nzima ndiyo nini?"

"Hazijapigwa, Hilaria. Zina baruti ndani."

Ungo ulishuka mapajani polepole. "Umelaza baruti chini ya kitanda changu?"

"Yule mzungu aliyekuja kiangazi kile na dereva wa Arusha alisema anakusanya vitu vya vita. Maganda matupu anayo tele, anataka zenye vichwa, hazijaguswa. Alisema atarudi. Nikaona nimuwekee."

"Uliniambia anataka maganda ya maonyesho tu!"

"Nilijua nikikuambia utanikataza."

"Si ningekukataza!" Alisimama, ungo ukaanguka, mahindi yakatawanyika na kuku wakaja mbio. "Ningekukataza mchana na usiku! Sasa mimi nilijuaje, Baba Glory? Chuma kilichozikwa tangu wakati wa Mjerumani, nitajuaje bado kina hasira?"

Hapo hasira yake mwenyewe ikazimika, kwa sababu maneno ya Modest yalimrudia. Alimwona mtu asiyemjua, mhunzi wa Basotu, ameinama juu ya chungu cha kuyeyushia, na mke wake pembeni anavuta mivukuto, na watoto wamezunguka kama watoto wanavyozunguka moto popote pale.

"Amesema zikifika tu zinaingia kwenye moto," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakuwa nimeua mtu."

"Sio wewe. Ni mimi."

"Tutagawana baadaye. Nenda!"

Kwenda kulikuwa ni kwa miguu mpaka barabara kuu, na baada ya hapo kwa huruma ya watu. Simu za mkononi zilikuwa zimefika Babati, makao ya mkoa mpya, na wenye uwezo wa Mbulu mjini walikuwa nazo. Kwa mhunzi wa Basotu hakukuwa na simu ya aina yoyote. Onesphory alichukua kofia yake na kukimbia, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati nje, na waliomwona akikatiza mashamba walimpisha mapema zaidi kuliko kawaida.

---

Lori la Nikolausi lilikuwa bado linapakia vitunguu saumu vya kupeleka mnadani. Juu ya magunia walishapanda watu kama kumi. Mzee Bura alikuwa mbele, karibu na dereva, amevaa koti la sherehe na mwavuli ameuweka katikati ya magoti.

Onesphory alisimama mbali kidogo, kama alivyotakiwa. "Shikamoo, Mzee Bura."

"Marahaba. Mbona uko barabarani?"

"Naomba lifti mpaka Basotu. Nina shida kubwa."

Juu ya magunia kukawa na minong'ono. Violeth, mke wa fundi cherehani, alikuwa na mimba ya kwanza iliyoanza kuonekana, naye alishika tumbo kwa mikono miwili. "Asipande! Jamani, mnaniona nilivyo. Asipande hapa!"

Hakusema kwa ubaya, maskini. Aliogopa kweli, na Onesphory aliona kwamba anaogopa kweli, jambo ambalo lilimuumiza zaidi ya kutukanwa. Nikolausi alitoa kichwa dirishani na kukuna shingo. "Bwana Onesphory, unaona mwenyewe hali. Nikikupandisha wewe, hawa wote wanashuka."

"Shida gani hiyo isiyoweza kungoja?" aliuliza Mzee Bura.

Hapo palikuwa pagumu. Kuuza maganda matupu hakukuwa kumemsumbua mtu yeyote, tangu biashara huria iliporuhusiwa kila mtu alikuwa anauza kitu. Risasi nzima ni jambo lingine. Kukutwa nazo bila kibali ni jela, na kila aliyekuwa kwenye lori lile alilijua hilo, na kati ya watu kumi hakosekani mmoja mwenye rafiki kituoni. Onesphory alivua kofia.

"Nilikuwa nimeficha risasi nzima ndani," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Zina baruti. Mke wangu hakujua, amezichanganya na maganda matupu, na Modest amezipeleka kwa Gidamis mhunzi. Atazitia motoni leo. Zitamuua yeye na watoto wake. Mkitaka kunipeleka polisi nipelekeni, ila tupitie kwa Gidamis kwanza."

Violeth alitoa mikono tumboni, akaiweka mdomoni.

Mzee Bura alifungua mlango na kushuka, mguu mmoja, kisha mwavuli, kisha mguu wa pili. Alimtazama Onesphory, akatazama lori, akatazama tena Onesphory, kama mtu anayepima chumba kuona kitanda kitaingia wapi.

"Violeth, shuka uje ukae hapa mbele mahali pangu. Ukae ndani na kioo kimefungwa. Mimi nitapanda juu. Wengine sogeeni mpaka nyuma ya kichwa cha gari. Wewe Onesphory utakaa mwisho kabisa, kwenye bodi la nyuma, uso unaangalia tulikotoka. Usigeuke na usiguse gunia la mtu."

"Asante sana, mzee."

"Usinishukuru, panda. Nikolausi, kanyaga mafuta."

Wakaenda hivyo. Vumbi lote la barabara ya Haydom lilikuwa la Onesphory, na alilila bila kulalamika. Akili yake ilikuwa mbele wakati uso wake ulikuwa nyuma. Kila Nikolausi alipopunguza mwendo kupisha mbuzi, alitamani kushuka akimbie mwenyewe. Nyuma ya mgongo wake alisikia sauti ya Mzee Bura kutoka juu ya vitunguu.

"Onesphory."

"Naam, mzee."

"Usigeuke. Kwa hiyo ulikuwa unalala juu ya baruti?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mkeo?"

"Na yeye, mzee."

Shamba zima la ngano likapita.

"Huyo mama ni wa kuombewa," alisema Mzee Bura, na watu wakacheka. Onesphory pia alicheka, vumbi likamwingia kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu ile mifupa kwamba watu walicheka naye badala ya kunyamaza alipotokea.

---

Boma la Gidamis lilikuwa nje ya Basotu, juu ya ziwa, mbali na maboma mengine. Hata Wabarbaig wenzake walikaa mbali naye. Mhunzi anatakiwa kwa mikuki na kengele na bangili, lakini hakuna wa koo nyingine anayeoa kwake wala anayelala kwake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kwa babu yake. Lori liliposimama njia panda, Onesphory aliona kwanza moshi. Ulikuwa umenyooka juu ya miiba ya boma, moshi wa makaa, na chini yake nyundo ilikuwa inalia.

Aliruka kabla gari halijatulia. Alianguka, akainuka, akakimbia huku anapiga kelele, "Zima moto! Gidamis! Zima moto!" Pikapu ya Modest haikuonekana. Nyundo iliendelea kulia. Alipofika mlangoni mwa boma aliona mtu mrefu amechuchumaa, chuma chekundu mkononi, na mwanamke anavuta mivukuto ya ngozi, na watoto wawili wameketi karibu kabisa na makaa.

"Simama hapo hapo!" alisema yule mtu na kumnyooshea nyundo. "Usivuke mlango. Unatoka wapi?"

"Dongobesh. Ile shaba aliyoleta Modest, usiitie motoni, kuna risasi, kuna baruti..."

"Wewe ndiye mwenye mifupa?"

Onesphory alishindwa kuelewa anaulizwa nini. Aliitikia kwa kichwa.

"Basi shaba yako iko kule." Gidamis alionyesha nje ya boma, upande wa ziwa. Chini ya matawi ya miiba, mbali na moto na mbali na zizi, gunia lilikuwa limelazwa, kamba yake haijafunguliwa.

"Hukuiyeyusha?"

"Niiyeyusheje? Modest ana mdomo. Alipofika tu alianza kutuhadithia, shaba ya kaburini hii, ya nyumba iliyotengwa, na anacheka. Nikamwambia hicho kitu kisivuke mlango wangu. Moto huu ndio unaolisha watoto. Siwezi kuutilia kitu cha kifo kabla wenyewe hawajatakaswa." Alirudisha chuma kwenye makaa. "Hayo ya kwenu tunayajua, tumekaa na nyie muda mrefu. Modest alikasirika sana. Amekwenda mnadani."

"Na mimi nilikasirika," alisema mke wake. "Mivukuto nilishaitengeneza. Nikamwambia, mume wangu, watalii wataijulia wapi mifupa? Akakataa."

Onesphory alikaa chini kwenye samadi. Alicheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote viwili kwa pamoja, na wale watoto wakasogea kumwangalia vizuri. Alifurahi mno, kuliko siku aliyooa. Mtu huyu alikuwa mzima na mkewe mzima, na wote walikuwa wanamshangaa yeye. Kwa wiki zote zilizopita alikuwa ameilaani metimani asubuhi na jioni, akaiita ushamba mbele ya mke wake, na sasa alikuwa anaitazama ilivyolilaza lile gunia chini ya miiba.

Mzee Bura alifika anahema, mwavuli umefunguliwa. "Imekuwaje?"

Gidamis alimweleza. Mzee Bura alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayezuia kujisifu. Hakuweza kukizuia muda mrefu. "Na huyu alikuwa ananiambia padre ameshamaliza!" alisema, na akarudia maneno hayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Onesphory alilifungua gunia peke yake, wengine wote wamerudi nyuma ya zizi. Alitoa ganda moja moja, akazitenga zile nzima, akazilaza ndani ya kofia yake. Aliporidhika kwamba hakuna iliyobaki, alipapasa tena gunia lote kutoka mwanzo.

"Mnatakaswa lini?" Gidamis aliuliza kutoka mbali. "Nina oda, bwana. Shaba yangu inakaa juani."

"Hatuna kondoo. Hakuna anayekubali kutuuzia."

"Kwa sababu?"

"Wanaogopa."

Mhunzi alicheka kwa mara ya kwanza. "Watu wa kabila langu mwenyewe hawalali kwangu. Wewe utanitisha na nini? Chukua yule mwenye doa sikioni. Modest akija kudai hela ya gunia, nitamkata bei ya kondoo, na kelele zake nitazisikiliza mimi."

Wote wawili walimtazama Mzee Bura. Suala la kondoo wa mhunzi halikuwa limewahi kuletwa mbele yake. Alizungusha mwavuli, akamtazama kondoo mbele, akaenda kumtazama nyuma.

"Ni kondoo," alisema hatimaye.

---

Kofia ilipelekwa kituo kidogo cha polisi, Onesphory ameibeba mbele yake kwa mikono miwili, kondoo anamfuata kwa kamba, na watu wa mnadani wakawapisha wote. Askari wa zamu alichungulia ndani ya kofia, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Unawinda nini na hizi? Waingereza?"

Aliambiwa aziweke kwenye shimo nyuma ya kituo mpaka wataalamu wa jeshi waje. Yeye mwenyewe akaambiwa akae kwenye benchi mpaka mkubwa wa kituo arudi, na mkubwa hakurudi siku hiyo. Onesphory alilala hapo hapo kwenye benchi. Asubuhi mkubwa alikuja, akasikiliza, akamkaripia kama mtoto wa shule mbele ya wafagiaji, akamuuliza kama ana akili timamu. Onesphory alijibu ndiyo na hapana kwa zamu, kulingana na swali. Mwisho mkubwa alichoka.

"Aliyezileta mwenyewe siwezi kumfunga. Nenda. Na ukichimbua kitu kingine usikiguse, njoo utuite. Na mtoe huyo kondoo, anakula maua ya serikali."

Hilaria hakuwa amepika wala kulala. Alikuwa ametoka kwenda barabarani tangu alfajiri, akakaa kando ya mtaro, kanga ameifunga kichwani. Hakuna aliyekuwa amemletea habari, kwa kuwa lori la Nikolausi lilirudi usiku na hakuna ambaye angeingia kwake kumwambia. Kila gari lililotokea alilitazama kama lina polisi. Aliwaza habari ya mke wa mhunzi, labda sasa ni mjane, atamwendea vipi, atamwambia nini, atapiga magoti kwa lugha ipi.

Jua lilipokuwa karibu kuzama alimwona mume wake anakuja kwa miguu, kichwa wazi, mweupe kwa vumbi. Hakuwa na pingu. Alikuwa anavuta kamba, na nyuma ya kamba kuna kitu ambacho Hilaria hakukitambua kwa sababu hakukitazama. Alimtazama usoni tu.

"Amekufa?" alipiga kelele. "Onesphory! Yule mhunzi, amekufa?"

Onesphory alisimama mbali bado, akajaribu kujibu, vumbi likamkaba. Aliinua kamba juu aione.

"Amenipa kondoo," alisema.